Jina Ambalo Sikulitaja Mlangoni

Juzi kaja kijana mlangoni kwangu, suruali imepigwa pasi, daftari kwapani, anapita nyumba hadi nyumba kuwaombea kura wakubwa wake. Shikamoo yake ilikuwa nzuri, siwezi kumnyima hilo. Akaketi kibarazani kabla sijamkaribisha, nikamsamehe, maana jua la Dodoma la saa nane si la kumwacha mtoto wa mtu amesimama. Akaanza kunieleza kura ni kitu gani. Nikamwacha aeleze, vijana wanapenda kufundisha wazee. Alipomaliza nikamwambia kwamba mimi nilishawahi kumchagua mtu, wakati wa Mjerumani, hapa hapa mjini, na sikutumia karatasi, nilitumia miguu. Akacheka kwa adabu, nikajua kaniweka kwenye kundi la wazee waliochanganyikiwa.

Yeye sikumweleza. Ninayemweleza ni wewe unayesoma, na majina ya watu usiniulize. Wengine wana wajukuu mitaa hii, na hawakukosa kitu. Aliyekosa ni mimi.

Mimi ni Mrangi wa milima ya Kondoa. Nilishuka Dodoma ujana wangu, reli ilipokuwa imefika karibuni na mji wenyewe ni boma, stesheni, maduka machache ya Wahindi na vumbi. Kazi niliyoipata ni kuchinja. Wagogo walikuwa na ng'ombe, boma lilikuwa na askari, na askari wengi walikuwa Waislamu wasioweza kula nyama isiyochinjwa na Mwislamu mwenzao. Mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye ndiye aliyekuwa imamu wetu, alinitahini kwanza. Nimwelekeze vipi mnyama kibla, nitaje nini, nikate mishipa ipi, na damu niiache imwagike yote ardhini. Damu ni haramu, alinirudia mara nyingi, hata tone. Aliporidhika akasimama baada ya sala ya Ijumaa akatangaza kwamba nyama ya kisu changu ni halali. Kwa neno lake hilo mtaa mzima ukala kwa mkono wangu, na mimi nikapata mke, nyumba, na watu wa kuniamkia njiani.

Sasa nikwambie nililomficha mwalimu.

Mwaka mmoja kabla ya mtihani wake nilikwenda kutafuta ng'ombe upande wa Hombolo. Kilikuwa kiangazi kibaya. Homa ikanikamata njiani, nikaanguka kando ya mto wa mchanga ambao watu walikuwa wakiuchimba kutafuta maji. Mgogo mmoja wa rika langu, aliyekuja kunywesha mifugo yake, akanibeba hadi kwenye tembe lao, akanilaza chumba cha ndama, akaninywesha maziwa na uji wa uwele mpaka nikasimama. Chakula kilikuwa kidogo mwaka ule. Mama yake alinung'unika, na alikuwa na haki, kwa nini wamlishe Mrangi wasiyemjua huku watoto wa nyumbani wanalala nusu tumbo. Yule bwana akamjibu mama yake kwamba basi atanifanya ndugu, na ndugu hahesabiwi matonge.

Tukachanjiana. Mzee wao mmoja alituketisha uso kwa uso, akatuchanja kila mmoja chale mbili chini ya titi la kushoto. Ini la mbuzi lilikuwa limechomwa motoni, likakatwa vipande viwili, kimoja kikapakwa damu yake na kimoja damu yangu. Mimi nikala chenye damu yake, yeye akala chenye yangu. Mzee ananoa kisu juu ya vichwa vyetu huku akisema, atakayemkana mwenzake siku ya shida tumbo na limvimbe, na kizazi chake kikatike. Nilikula nikijua ninachokula. Nilikuwa na njaa, nilikuwa na shukrani, na kusema kweli ya Mungu, nilikuwa na furaha pia.

Kwa hiyo unaona mwenyewe. Mchinjaji wa Waislamu, aliyeidhinishwa mbele ya watu, ana damu ya mtu tumboni. Mke wangu nilimwambia kovu lile ni la pembe ya fahali. Na ndugu yangu nilimwomba asilitaje mjini. Akakubali, ingawa aliona ni kichekesho kikubwa. Alisema sisi watu wa kanzu hatuogopi simba, tunaogopa ini.

Alikuwa akija karibu kila mwezi, na ng'ombe wa kuuza au mzigo wa ngozi kichwani. Ngozi hizo niliziwamba uani, zikikauka nikawauzia Wahindi. Akifika hupiga kelele "Mbukwa!", salamu ya kwao, toka mbali, hukaa kibarazani kwangu, huegemea ukuta, na udongo mwekundu aliojipaka mabegani ukabaki ukutani pale. Mke wangu alifuta, akanuna, akamwambia Mgogo wewe safari nyingine njoo na chokaa yako. Naye alimjibu kwamba nyumba isiyo na alama ya shemeji ni nyumba ya yatima. Mke wangu alifikiri neno hilo shemeji ni mzaha tu.

Ndipo vita ikaja. Ya Wazungu kwa Wazungu, lakini mizigo ilikuwa ya kwetu. Treni zilipita zimejaa askari. Vijijini walianza kukamata watu wa kubeba risasi na chakula, na wanaume wakawa wanalala porini na mifugo yao. Mimi nilikuwa na mdogo wangu wa tumbo moja nyumbani, mama kanikabidhi toka Kondoa, kijana mwenye mgongo mpana ambao kila askari aliyepita aliutazama mara mbili. Kila nikimwona anatoka mlangoni namwita arudi.

Katika miezi hiyohiyo jumbe wa mtaa wetu akafariki. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa boma, sijui siku hiyo kaamkia upande gani, badala ya kutupachika mtu wake akasema tuchague wenyewe, kila mtu atasimama nyuma ya amtakaye. Waliojitokeza ni wawili. Mmoja fundi cherehani, mtu mwema ila mkali kama mimi. Wa pili alikuwa zamani karani wa misafara, kanzu yake safi, koti juu, mwavuli mkononi mvua iwepo isiwepo. Huyu wa mwavuli ndiye aliyejua kutembea milangoni. Kwangu alikuja baada ya alasiri, kafuatana na mwalimu wa chuo, na mdogo wangu alikuwa ndani akisikiliza.

Alianza kwa dini. Akasema Sultani wa Rumi, yaani Mturuki, yuko pamoja na Mjerumani, na Sultani ni mkubwa wa Waislamu, kwa hiyo vita hii ni yetu na anayeisaidia ana thawabu. Nilimsikiliza mpaka pumzi ikamwishia.

"Kama ni vita ya dini," nikamwambia, "mbona wapagazi wanafungwa kamba shingoni? Nani anafungwa kamba kupelekwa peponi?"

Mwalimu akakohoa. Mgeni wangu hakukasirika. Alicheka, akaufunga mwavuli wake, akasogea karibu, na kuanzia hapo akazungumza kama mtu. Akasema yeye hajui nani atashinda, wala hakuna atakayemuuliza. Boma litamtaka jumbe atoe watu. Jumbe akikataa atalazwa chini apigwe kiboko, na atawekwa mwingine atakayewatoa. Kitu anachoweza jumbe ni kimoja tu, kusema nani asichukuliwe. Yeye ataandika watu wa mtaa pamoja na ndugu zao, awaambie wakubwa kwamba hawa ndio wachinjaji, waokaji, washonaji, wakiondoka askari watalala na njaa na matako nje. Mwalimu akakohoa tena.

Akatoa karatasi na kalamu ya mwanzi.

"Nitajie watu wako wote," akasema. "Jina litakaloingia humu sitaligusa. Lisiloingia siwezi kulitetea."

Nikamtaka aape. Mwalimu akaleta msahafu, jamaa akatia udhu kwa maji ya mtungi wangu, akaapa. Sikumwona kuwa mwongo, na hakuwa. Basi nikaanza kutaja. Mdogo wangu wa kwanza. Baba mkwe. Mashemeji wawili. Fundi wangu wa kuwamba ngozi. Hata mjomba wa mke wangu mwenye mguu mfupi, ambaye hakuna Mzungu angempa abebe hata kikapu cha pamba, nikamtaja, tukacheka wote watatu. Nilijisikia mkubwa siku ile, mtu mwenye watu.

Akauliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Akainua kalamu kidogo.

"Na yule Mgogo anayekaa na wewe hapa kibarazani?" akauliza. "Huyo ni nani wako?"

Mwalimu akageuka kunitazama. Hakunitazama kwa ubaya, mtu akiulizwa jambo wengine humtazama tu, ndivyo tulivyo. Nyuma ya kichwa chake ile alama nyekundu ilikuwa ukutani, mke wangu alikuwa hajaifuta. Na mimi nikaona kwamba nikisema ndugu, mwalimu atauliza udugu gani huo kati ya Mrangi na Mgogo, na nikianza kueleza nitaishia kwenye lile ini. Kisu changu kitaondoka, na Ijumaa inayofuata itatangazwa kinyume.

Nimefikiri miaka mingi juu ya hapo. Ningeweza kusema rafiki yangu. Ningeweza kudanganya kwamba ni mchungaji wangu, na uongo huo ungetosha kabisa, karani wa watu alikuwa keshaweka wino. Lakini mwenye siri ukigusa karibu na siri yake huruka mbali kuliko inavyohitajika.

"Yule ni mtu wa ngozi tu," nikasema. "Hana udugu na mimi."

"Nisimwandike?"

"Wa nini?"

Akaikunja karatasi. Mwalimu akatuombea, tukasoma fatiha, nikaitikia amin.

Siku ya kuchagua tulikusanyika uwanja wa boma. Mimi nilikuwa wa kwanza kusimama nyuma ya mwavuli, nikamvuta mdogo wangu akasimama nyuma yangu, na mashemeji, na mjomba na mguu wake. Mstari wetu ulimpita fundi cherehani mbali. Jumbe mpya alitimiza kiapo chake kama alivyoapa. Miezi ikapita, watu wakakamatwa huku na huko, katika nyumba yangu hakuna aliyeguswa. Nilimsifu mlangoni, sokoni, kila mahali.

Ndugu yangu aliendelea kuja, ingawa mara chache, akipita vichakani. Sikumwambia lolote juu ya karatasi. Nilijiambia kwamba Hombolo ni mbali, na yule ni mtu wa porini, nani atamshika.

Kisha mke wangu akajifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kiume. Nilikuwa nimemweleza ndugu yangu zamani mambo ya akika, kwamba mtoto wa kiume huchinjiwa mbuzi wawili siku ya saba, wa kike mmoja. Alikuwa amejibu kwamba basi atafuga wawili, na akija msichana yule wa pili atamla mwenyewe. Niliwatuma wanawake wa Kigogo waliokuwa wakirudi kwao wampe habari. Sikuwatuma wamwambie asije. Nilitaka aje, nilitaka amwone mtoto.

Siku ya sita jumbe akaja mlangoni kwangu. Mwavuli hakuwa nao. Mkononi alishika kamba, na kwenye kamba mbuzi wawili, weupe, wamenona, wamefungwa shingo moja na nyingine.

Alinieleza akiwa amesimama, hakutaka kuketi. Asubuhi ile askari walikuwa wanakamata watu kwenye njia ya Ipagala, wakamkuta Mgogo anawaswaga mbuzi hawa. Aliwaambia anakwenda kwa ndugu yake mchinjaji. Kwa kuwa wanaila nyama yangu hawakumpiga, wakampeleka kwa jumbe athibitishe.

"Amesema ni ndugu yako," jumbe akaniambia. "Nimemtafuta kwenye karatasi mara mbili."

Nilitoka mbio hata viatu sikuvaa. Mdogo wangu akanifuata, na mwalimu, aliyekuwa akipita, akaja nyuma yetu asijue kuna nini. Uwanjani pa boma walikuwa wameketi mstari, kamba inatoka shingo hadi shingo. Palepale tulipokuwa tumesimama nyuma ya mwavuli. Ndugu yangu akaniona, akamgeukia jirani yake, akamwambia neno kwa Kigogo na kucheka. Kigogo nilikijua. Alimwambia, si nilikwambia atakuja.

Hapo nikasema. Niliinua kanzu mbele ya watu wote, nikaonyesha kovu, nikasema huyu ni ndugu yangu, tumechanjiana, nimekula damu yake na yeye kala yangu, mnaotaka kusikia sikieni. Mwalimu alitazama chini. Baadaye, nikueleze kabisa, aliniita chumbani kwake, akaniambia nitubu, tukasoma istighfari pamoja, akanishika bega. Kisu hakukichukua. Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa, maneno machache na mkono wa mzee begani.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Pale uwanjani jumbe alinivuta pembeni, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeumwa. Akasema hesabu ya watu Mzungu keshasomewa. Akimtoa huyu kwenye kamba lazima aingie mwingine sasa hivi, na mgongo unaolingana na ule uko nyuma yangu.

Nikageuka. Mdogo wangu alikuwa amesikia. Akasema kwa sauti nyembamba kwamba yuko tayari, aende yeye. Nikamshika mkono nikambana, nikambana mpaka akaniambia kaka unaniumiza. Sikumwachia. Nilimtazama ndugu yangu mmoja kwenye kamba na ndugu yangu mwingine mkononi. Siku ile kibarazani kumtaja kungenigharimu aibu ya jioni moja. Sasa kulikuwa kunataka mtu.

Ndugu yangu wa kwenye kamba Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini alikuwa ameelewa. Hakucheka tena.

"Huyo mna mama mmoja," akaniambia. "Nenda kachinje mbuzi, mtoto asikae bila jina."

Nikaenda. Ningependa kukuandikia kwamba nilipiga magoti, au nilimrukia askari. Nilimshika mdogo wangu mkono, nikaenda nyumbani.

Siku ya saba niliwachinja wale mbuzi. Nikawaelekeza kibla, nikataja jina la Mungu, damu yote ikamwagika. Mifupa ya akika haivunjwi, hukatwa kwenye viungo, na mikono yangu ilifanya kazi hiyo vizuri kama siku zote, jambo lililonikasirisha. Watu walikula na kumwombea mtoto. Ini mke wangu aliniletea mimi, kwa heshima ya baba wa mtoto. Sikuweza kuligusa. Alama ya ukutani nilimkataza kuifuta, nikamweleza kwa nini, na akalia kuliko nilivyowahi kumwona akilia.

Wapagazi wale waliondoka na askari. Mjerumani aliposhindwa kushika upande wetu akarudi nyuma kuelekea kusini, nao wakarudi naye, na Mwingereza akaingia Dodoma akitokea kwetu Kondoa. Vita ilipokwisha wachache walirudi kwa miguu, mbavu nje. Niliwauliza wote. Mmoja alimwona hai ng'ambo ya mto mkubwa, anabeba sanduku na kuimba. Mwingine alisema hakumwona kabisa. Zaidi ya hapo hakuna anayejua.

Mwaka mmoja baada ya kuondoka kwake nilikuwa nimekwenda Hombolo kwa mama yake. Nilijiandaa kwa laana, hata nilizihitaji. Bibi yule alinitazama, akanipa maziwa kwenye kibuyu kilekile cha siku za homa yangu, akaniuliza kama mtoto ameanza kutembea. Nikasema ameanza. Akasema vizuri.

Kile kiapo nilikisubiri. Kila tumbo liliponiuma nilisema ndiyo hii. Halikuvimba. Kizazi hakikukatika, mdogo wangu amezeeka akafa kitandani kwake na watoto wanane wakimlilia. Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu ninao nyumba nzima, na majuto yalifika kabla yao.

Kwa hiyo yule kijana wa juzi. Alipochoka kunifundisha akafungua daftari lake, akaniomba nimtajie watu wazima wa nyumba hii awaandike, asisahaulike mtu. Nikamtajia wanangu na wake zao. Akaandika. Akauliza, basi, mzee, hao tu?

Nikamwambia aandike na ndugu yangu mmoja, Mgogo wa Hombolo, nikamtajia jina lake. Ni jina fupi, nililitaja mara mbili ili asikosee. Akauliza yuko wapi kwa sasa. Nikamwambia alikwenda kwenye vita ya Mjerumani.

Kijana akashusha kalamu taratibu, maana ni mtoto mwenye adabu. Akasema, "Samahani, mzee. Waliokufa hawaandikwi."

"Sijasema amekufa," nikamwambia. "Nimesema hajarudi. Andika."